Je, Makohozi Yamepimwa?

Mgonjwa wa kifua kikuu akiacha dawa, twamnyoshea kidole: ni mzembe, ni mlevi. Ni nadra kuuliza kama aliyemtibu alijua anachokitibu. Twauliza leo, si kwa nia ya kuwadhalilisha madaktari, bali kwa kuwa uhai wa wanyonge umo katika jibu hilo.

Mwaka 1991 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi katika mtaa wa Dharavi, Bombay, nchini India. Madaktari binafsi 100 walitaja mipango 80 tofauti ya kutibu ugonjwa huo mmoja, mingi ikiwa haifai. Mwaka 2010 uchunguzi mwingine wa mji huohuo ulionyesha kuwa kati ya madaktari 106, ni 6 tu walioandika dawa sawasawa. Dawa pungufu haziui vijidudu vyote. Vinavyobaki huwa sugu, na mgonjwa huambukiza nyumba nzima usugu huo.

Wala elimu haikukosekana. Hapa Tanzania mpango wa taifa ulioanza mwaka 1977, ukishauriwa na Dakta Karel Styblo, ulithibitisha kwamba nchi maskini yaweza kuponya watu wake kwa kupima makohozi, kutumia mpango mmoja wa dawa na kutunza daftari. Mataifa mengi yalifuata njia hiyo. Matibabu ya kawaida leo ni dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, bila malipo katika vituo vya serikali. Lakini mara nyingi anayekohoa huanzia duka la dawa, akapewa dawa ya maji. Kisha vidonge vya malaria. Kisha sindano za nimonia. Mbuzi wameshauzwa, na makohozi hayajaombwa.

Hata yakipimwa, kazi haijaisha. Kwa watoto na wenye virusi vya UKIMWI, darubini yaweza isione kitu ilhali ugonjwa upo. Daktari asiyelijua hilo humrudisha mtoto nyumbani kufa.

Viongozi wa jumuiya, anayekohoa kwa majuma mawili asindikizwe kituoni, naye aulize kwa heshima: “Daktari, makohozi yangu yamepimwa?” Na wanaosimamia hospitali za Kanisa (semina za mambo mengine hatukosi) wawapeleke watumishi wao kwenye mafunzo ya kifua kikuu, na mwongozo wa taifa uwe mezani pa daktari, si kabatini ofisini.