Simu Zetu na Intaneti ya Tajiri



Wengi wenu mnaofanya kazi katika maofisi ya Kilimani mmetuuliza kama VPN yafaa kutumiwa kila siku, maana simu zenu hushika intaneti ya tajiri. Twajibu: yafaa, lakini si kila moja.

Maneno ya WhatsApp yamefungwa tayari. Aonacho mwenye intaneti ni mahali unapokwenda, kama vile ukurasa wa chama au wa Mahakama ya Kazi. VPN humficha hayo, lakini mwenye VPN huyaona. Basi umebadilisha mlinzi tu, na yafaa kuuliza nani amlipa huyu mpya. Facebook ilinunua Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure, kumbe yachungulia programu wanazotumia! Ilifungwa 2019. Za bure nyingi twaziogopa.

Mullvad ya Sweden haiulizi jina. Polisi walipokwenda ofisini mwake Aprili 2023 na hati ya kupekua, waliondoka mikono mitupu. Bei ni Euro 5 kwa mwezi, mzigo kwa mshahara wa mfagiaji. Lakini akaunti moja huingia katika simu 5, basi watu watano wachange.

Simu uliyopewa na tajiri ni jambo jingine. Akiwa ametia programu ya kupeleleza, husoma kabla VPN haijaficha kitu. Mambo ya chama msiyatie humo kabisa.

Wanaotaka kuchanga wamwone katibu wa tawi Jumamosi.