Tunabariki Lori, Tunamsahau Dereva



Wakristo wenzangu, barabara itokayo Kasumbalesa, ikapita Lubumbashi na mji wetu wa Likasi hadi Kolwezi, inalisha nyumba nyingi. Malori hupanda na mitambo na chokaa ya migodi, yakashuka na shaba na kobalti. Wanaoyaendesha ni ndugu zetu, wakwe zetu na wana wa parokia zetu. Mmoja wao anapoanguka ghafula, matangani husikika maneno mawili: amelogwa, au Mungu amempenda zaidi. Nasema wazi kwamba yote mawili ni uvivu wa fikra. La kwanza humtwika jirani damu asiyoimwaga. La pili humtwika Mungu mwenyewe. Mwenye hatia hupita katikati bila kuulizwa neno.

Tutazame basi maisha ya dereva. Huketi kutwa. Usiku husinzia saa chache ndani ya kabini, masikio yakilinda mzigo na mafuta. Mpakani hungoja katika foleni, wakati mwingine siku kadhaa, akila bukari na samaki wa chumvi, akivuta sigara ili asilale. Mwili usiopumzika huishi kana kwamba hatari haijapita: mishipa hukaza, moyo husukuma kwa nguvu, na shinikizo la damu, ambalo wengi wetu huliita tansiyo, hupanda bila kuuma popote. Hata aliyekwisha kuandikiwa dawa huiacha njiani, kwa kuwa baadhi ya vidonge humlazimu kukojoa mara kwa mara, na ratiba haimruhusu kusimama.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na mtoza nauli walifanya kazi katika basi moja. Lakini dereva aliketi, na mwenzake alipanda na kushuka ngazi mchana kutwa. Madereva ndio walioshikwa zaidi na ugonjwa wa moyo, na vifo vyao vya ghafula vilikuwa vingi zaidi. Nani aliwaloga wa London? Tena mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma kulisababisha vifo 745,000 vya kiharusi na moyo katika mwaka 2016 pekee.

Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inaweka mpaka wa saa 45 kwa juma. Tumwulize dereva yeyote wa masafa marefu kama anaijua juma ya namna hiyo.

Wako watakaojibu: dereva mwenyewe ndiye anayetaka safari nyingi, na sigara ni yake. Simwondolei wajibu wake. Katekisimu ya Kanisa yafundisha kwamba uhai na afya ni amana tuliyokabidhiwa na Mungu, nayo yadai kiasi katika chakula, pombe na tumbaku. Lakini mtu anayelipwa kwa hesabu ya safari amefanywa aone usingizi kuwa hasara. Katika kitabu cha Kutoka, pumziko la siku ya saba liliagizwa kwa ajili ya ng'ombe, punda, mtumwa na mgeni, na aliyeagizwa ni mwenye mali. Hakuambiwa angoje mpaka ng'ombe aombe.

Nasi Kanisa je? Lori jipya likinunuliwa, tunalinyunyizia maji ya baraka, na picha ya Mtakatifu Kristofa inabandikwa kwenye kioo. Ni vema. Lakini nani kati yetu amewahi kumwuliza dereva alilala saa ngapi? Mwaka 2007 Vatikani ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani. Katika jumuiya zetu hausikiki ukitajwa.

Nadai mambo matatu. Mosi, wauguzi waliomo katika parokia zetu wawapime watu shinikizo la damu baada ya Misa ya Dominika; atakayepatikana na 140 kwa 90 au zaidi apimwe tena siku nyingine, kisha asindikizwe hadi kituo cha afya. Pili, waajiri wanaoketi viti vya mbele kanisani walipe mshahara unaomruhusu mtu kulala. Amri ya tano huvunjwa kwa ratiba pia. Tatu, katekista anayesimama matangani asikubali neno la uchawi lipite bila jibu. Kimya chake kinaweza kumfukuza bibi kizee nyumbani kwake.

Lori likiharibika, mwenye lori hulisimamisha siku hiyohiyo, kwani anajua thamani yake. Dereva ni mfano wa Mungu. Je, yeye asimamishwe na kifo tu?

Mtakatifu Kristofa, utuombee.