Leso, Kidani na Kanzu



Juu ya meza ya katibu wa kamati ya msikiti hupita mambo mengi: michango ya umeme, majina ya watoto wa madrasa, taarifa za misiba. Usiku mmoja wa mwezi wa Rajabu uliopita, baada ya sala ya Isha, alinijia kijana anayepeleka machungwa ng'ambo ya mpaka. Hakuketi. Alisema, "Katibu, chukua kalamu uniandikie talaka." Nilipomwuliza sababu, alitoa simu ya mkewe. Palikuwa na ujumbe kutoka namba ya Kenya isiyo na jina: leso yako ipo, pita uichukue. Rafiki yake alikwisha kumfasiria, kwamba mwanamke hasahau leso ila mahali alipokaa akastarehe.

Nimepewa idhini na wote wawili niisimulie habari hii bila ya kuwataja. Lakini kabla sijaeleza mwisho wake, nataka tuitazame leso nyingine, iliyoua watu.

Wengi wetu tulimjua Shakespeare kupitia kwa Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri "Juliasi Kaizari" na "Mabepari wa Venisi". Mwandishi huyo ana tamthilia nyingine inayoanzia Venisi, nayo ni "Othello", iliyochezwa mbele ya Mfalme James wa Uingereza mwaka 1604. Miaka minne kabla yake, balozi wa Sultani wa Moroko, Abdul-Wahid bin Masoud, alikaa London miezi kadhaa, na watu wa mji ule wakamwona Mwislamu wa Magharibi akipita katika njia zao. Othello naye ni mtu wa Magharibi, mweusi, ingawa katika mchezo amekwisha kubatizwa. Ni jemadari hodari ambaye Venisi inamhitaji vitani, lakini haimtaki kuwa mkwe.

Alimwoa Desdemona kwa siri, bila ya ridhaa ya baba yake. Sisi tunaojua uzito wa walii katika ndoa tutaiona mapema nyufa iliyoachwa hapo. Baba alipokata tamaa alimwonya mkwewe kuwa binti aliyemhadaa mzazi aweza kumhadaa mume, na neno lile likabaki akiba, likingoja mtu wa kulitumia.

Mtu huyo ni Iago, msaidizi wa Othello, ambaye kila mtu humwita mwaminifu. Cheo alichokitamani kilipewa kijana Cassio, naye akajaa husuda. Tutofautishe hapa mambo mawili ambayo lugha yetu mara nyingi huyaita wivu. Husuda ni kuchukia alichonacho mwenzio; ghera ni kuchunga kilicho chako. Iago ana husuda, naye anaigeuza ghera ya Othello kuwa silaha yake. Hasemi jambo wazi. Anasitasita, anaacha sentensi katikati, anajifanya hataki kusema mpaka aombwe. Mshairi anayafananisha maneno yake na sumu imiminwayo sikioni, na hila zake na wavu. Na kadiri sumu inavyozidi kupenya, jemadari aliyekuwa akinena kwa utulivu na fahari anaanza kutaja wanyama na matusi kama Iago mwenyewe. Ndimi mbili zinakuwa moja.

Kisha inakuja leso. Ilikuwa zawadi ya kwanza ya Othello kwa mkewe, imetariziwa matunda mekundu, nayo aliirithi kwa mama yake. Desdemona anaidondosha, Emilia mke wa Iago anaiokota, na Iago anaitupa chumbani kwa Cassio. Othello alikuwa amedai ushahidi wa macho. Akapewa kitambaa, akaridhika. Usiku wa mwisho anaingia na taa chumbani mwa mkewe aliyelala, akijihesabu kuwa hakimu. Anamziba pumzi. Dakika chache baadaye Emilia anaeleza leso ilivyosafiri, na maelezo yale mafupi yangeliokoa nyumba nzima kama yangeliulizwa mapema. Iago anamuua Emilia, na Othello anajiua kwa mkono wake.

Sasa linganisha, ndugu msomaji, na kidani cha Mama wa Waumini Aisha (r.a.). Alikipoteza katika safari ya kurejea kutoka kwa Banu Mustaliq, akabaki nyuma akikitafuta, na Safwan bin Muattal akamleta juu ya ngamia wake. Abdullah bin Ubayy akaanza kupika maneno, na Madina ikachafuka kiasi cha mwezi mzima. Mtume (s.a.w.) aliumia kama aumiavyo mume, lakini hakuhukumu. Alishauriana na Ali na Usama, alimwuliza Barira aliyekuwa akimhudumia Aisha, alimwuliza Zaynab, naye akamtaja Aisha kwa kheri tu ijapokuwa alikuwa mke mwenziwe. Hatimaye zikateremka aya za Suratun-Nur kumtakasa. Kitu kidogo kilichopotea kilifanana na leso ile. Kilichotofautiana ni subira na kuuliza.

Na katika Surat Yusuf iko kanzu. Ndugu zake waliileta na damu ya uongo, na Nabii Yaaqub hakuipokea kuwa hoja. Baadaye kanzu nyingine ilitazamwa ilipochanika, mbele au nyuma, na kwa kutazamwa vizuri ikamtakasa Yusuf. Nguo haina ulimi; husema kweli kwa mwenye kuchunguza, na husema uongo kwa mwenye haraka.

Turudi Horohoro. Kijana wetu ni mzaliwa wa Korogwe, na kwake leso ni kitambaa cha mkononi. Ukivuka Lunga Lunga, leso ni kanga. Imamu alimwambia, "Mwanangu, umeipiga namba hii?" Hakuipiga. Tukaipiga mbele yake. Akaitika mama mmoja muuza kanga, akaeleza kwamba binti yule alikuwa akimlipa kidogo kidogo doti moja, ampelekee mama mkwe wake siku ya Idi.

Kijana alilia. Mkewe alipoitwa hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Mume wangu, ulikuwa nami nyumba moja siku tatu, kwa nini hukuniuliza?" Alikwenda kwa wazazi wake akakaa wiki kadhaa kabla ya kurejea. Talaka haikuandikwa, lakini siwezi kudai kwamba hakuna kilichochanika.

Ghera si dhambi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba iko aipendayo Mwenyezi Mungu, yenye sababu ya kweli, na iko aichukiayo, isiyo na sababu. Naye alimkataza msafiri kuwavizia ahali zake usiku kwa kutaka kuwafumania. Sisi wa mpakani, ambao waume hulala njiani na habari hufika kabla yao, tunalihitaji katazo hilo zaidi. Mleta habari achunguzwe kabla ya mwenye kusemwa. Na anayeombwa kufasiri ujumbe wa mke wa mwenziwe, aseme neno moja la kheri: kamwulize mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.