BAHATI SI BANDARI



Kila chombo kitokacho kusini kikaingia Ujiji muda mchache kabla ya tufani, abiria humshukuru Mungu na nahodha husifiwa. Kumshukuru Mungu ni wajibu, na sifa ya nahodha ni haki yake. Lakini ipo hatari katika sifa hizo: wakubwa wenye dhamana ya usafiri huzisikia, wakadhani kazi yao imekwisha kufanywa.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, na kina chake chapita mita 1,400. Tangu Mei hata Septemba upepo wa kusini hulivumia, ukipandisha mawimbi ambayo hata mabaharia wa Nungwi wangeyaheshimu. Wakati wa mvua, dhoruba hushuka ghafula. Na chini ya milima ya Mahale, mahali pa kukimbilia ni pachache.

Haya si mageni. Mwezi wa Machi 1858 Speke, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, alitoka Ujiji kwa mtumbwi. Waliambaa na pwani hadi Kabogo, ndipo wakavuka kwenda ng'ambo ya magharibi. Wapiga makasia wale walijua kwamba safari ndefu humalizwa na mtu ajuaye mahali pa kungojea, wala si na mwenye kushindana na upepo.

Baadaye ikaja meli. Liemba ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927. Kwa miaka mingi ilikwenda hadi Mpulungu, na vituo vyake vingi havikuwa na gati. Wazee na wajawazito waliteremkia mitumbwini katikati ya maji. Meli hiyo iliposimama kungojea matengenezo, mzigo uliangukia maboti ya mbao.

Wako wasemao kwamba kosa ni la nahodha, kwa nini asingoje? Tunawauliza: angoje wapi? Samaki wake wataoza, mgonjwa aliyempakia atazidiwa, na pale ufukoni hapana hata banda la kuwasitiri watoto na mvua. Mtu asiyepewa mahali pa kungojea amekwisha kuamriwa kukimbia.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kuhadithiwa. Septemba 2011 Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Julai 2012 Skagit ilizama karibu na Chumbe, siku ya upepo mkali. Baada ya misiba hiyo kila mtu alijua lililopasa kufanywa. Ujuzi wa namna hiyo huja umechelewa, na bei yake ni roho za watu.

Kwa hiyo tunaungana na ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji kudai mambo matatu. Habari za hewa zifike katika kila kijiji cha pwani kabla ya chombo kung'oa nanga. Gati ndogo na mabanda ya kungojea yajengwe. Meli za abiria ziwe zaidi ya moja, ili moja ikiharibika watu wasiachiwe mbao na dua. Karema imejengewa bandari, nasi twakiri. Lakini pwani ile si Karema peke yake.

Nahodha aliyeiwahi tufani leo ametimiza wajibu wake. Serikali haijatimiza wake.