Msimtafutie mfiwa kosa

Ukitoka Ziba kwenda Nkinga, Puge hadi Tabora mjini, utaikuta imani moja imeota mizizi, nami naipinga bila kumung'unya maneno: kwamba aliyeomba asijibiwe ana kosa. Imani yake haba, au ana dhambi kaificha, au sadaka yake haikutosha. Inahubiriwa kwa vipaza sauti na watu wanaitikia amina.

Nimeisikia hata msibani. Mama amemzika mwanawe asubuhi, kakalishwa mkekani katikati ya wanawake wenzake, khanga imemfunika nusu ya uso, bakuli la uji limepoa mbele yake bila kuguswa. Akaja mtumishi kumpa pole. "Mama, tulikubaliana kufunga siku saba. Wewe ulikula siku ya nne." Yule mama hakujibu. Alikula kwa sababu alikuwa mjamzito, na kila aliyeketi pale alilijua hilo.

Maneno hayo yana harufu ya ramli. Huku Unyamwezini na Usukumani, mtoto akifa au mvua ikigoma, wengi walikwenda kwa mganga kuuliza ni nani kafanya. Jibu likamwangukia bibi kizee mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi alizopikia maisha yake yote. Usiku wakata mapanga wakabisha hodi. Makanisa yamelaani mauaji hayo, na yalifanya vyema. Lakini anayemwambia mfiwa kwamba kaponzwa na imani yake ndogo anauliza swali lilelile la kwa mganga, ila mtuhumiwa sasa ni mfiwa mwenyewe.

Rafiki zake Ayubu walifanya hivyohivyo. Walimhubiria kwa ufasaha kwamba haiwezekani ateseke bure, na mwishoni Mungu akawakasirikia wao, si Ayubu aliyelia na kulalamika.

Tena sisi wa njia ya misafara ndio tusingethubutu kusema hivyo. Hapa walipita watu wamefungwa minyororo shingoni wakipelekwa Bagamoyo. Nani atasimama Tabora leo aseme wale hawakuomba vya kutosha? Mmisionari Livingstone naye, Machi 19, 1872, siku yake ya kuzaliwa, akiwa Kwihara nje kidogo ya mji, aliandika katika shajara yake akimwomba Mungu amjalie kuimaliza kazi yake kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha, kazi haikuisha. Chanzo cha Mto Nile alichokuwa akikitafuta hakukiona. Akafa Mei 1, 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Juni 5 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, jambo ambalo Livingstone alilipigia kelele miaka na miaka. Alipungukiwa na wiki tano tu. Sioni imani haba hapo, wala sioni Mungu mchoyo.

Mungu ni mkarimu, naamini hivyo kwa moyo wangu wote, na ndiyo maana nakasirika. Ukarimu wake ukishalipiwa kwa mfungo na bahasha, umekuwa bidhaa, na maskini wa Ziba atakuwa wa mwisho kuhudumiwa. Kwa nini wengine hawapokei walichoomba, mimi sijui, na mhubiri naye hajui. Aseme hajui.

Kisha aitazame hospitali ya Nkinga. Imetokana na kazi ya Wapentekoste, watu wa maombi hasa, na hawakuona kwamba dripu inamwaibisha Roho Mtakatifu.

Kwa hiyo, watumishi, mkifika msibani ketini mkekani na wafiwa, muwanyamazie. Na kwenye nyumba ambayo mtoto bado anapumua, acheni kuhesabu siku za mfungo: mpakieni na mama yake kwenye bodaboda waende Nkinga sasa hivi, nanyi muwaombee wakiwa njiani.