Wamama wa Uswisi walivyoingiza ulinzi wa bei katika katiba

Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1982, raia wa Uswisi waliitwa kupiga kura juu ya jambo ambalo kila mama anayeenda sokoni analijua: kampuni kubwa likibaki bila mshindani, nani atalizuia lisipandishe bei linavyotaka? Asilimia 56 hivi walijibu kwamba kazi hiyo ni ya serikali, na jibu lao likaandikwa katika katiba.

Wazo halikutoka kwa wabunge. Lilitoka kwa miungano ya wamama wanaotetea wanunuzi, waliokusanya sahihi zaidi ya 100,000. Katika miaka ya 1970, bei zilipopanda mbio, serikali iliweka usimamizi wa bei kwa muda, kisha ukaisha 1978. Wamama hawakukubali. Makampuni yaliyopatana bei kati yao yalikuwa bado yanatawala soko, bei zipande ao zitulie.

Bunge lilijibu kwa ujanja. Lilileta pendekezo lake: bei zisimamiwe, lakini tu wakati uchumi uko katika hali mbaya. Kwa sheria ya wakati ule, mpiga kura hakuruhusiwa kusema "ndiyo" mara mbili. Wenye kutaka mabadiliko waligawanyika, na mara nyingi mapendekezo ya raia yalikufia hapo. Tangu 1949 hakuna hata moja lililokuwa limepita. Lile la wamama lilipita, na katazo lenyewe likaondolewa 1987.

Wapinzani waliogopa kwamba serikali itapanga bei ya kila kitu. Haikuwa hivyo. Muuza mboga mwenye washindani kumi haguswi. Anayeitwa ni yule anayetawala soko, na kwanza wanajaribu kupatana naye. Akikataa, msimamizi anaweza kumuamuru ashushe bei. Wenye kusema Kifaransa wanamuita Monsieur Prix, ni kusema Bwana Bei. Kwa bei zinazopangwa na serikali yenyewe anatoa shauri tu, lakini wakubwa wasipolifuata, sherti waeleze sababu mbele ya watu wote. Pengine hapo ndipo penye nguvu zaidi.

Hata hivyo, ushindi ulicheleweshwa. Sheria ilianza kazi katikati ya 1986 tu, na ikaacha nje riba za benki. Wamama walirudi barabarani kutafuta sahihi tena. Bunge likarekebisha sheria 1991.

Kwa msomaji wa Kongo, hesabu ile ya sahihi si ngeni. Kipengele cha 218 cha katiba ya 2006 kinawapa raia 100,000 haki ya kupeleka kwa Baraza la wabunge ao Seneti ombi la kurekebisha katiba. Tofauti ni kwamba Uswisi, ombi halali linafika kwa wapiga kura hata bunge likilipinga, lakini Kongo, sherti mabaraza yote mawili yakubali kwanza kwamba lina msingi. Mlango ni mwembamba, lakini uko. Kati ya wamama wa Bukavu ao Beni wanaolalamikia bei ya unga kila asubuhi, ni wangapi waliowahi kuambiwa?