BOLTI IKIKATIKA, MSHAHARA USIKATWE

Ndugu wafanya kazi wa gereji za Meru na Embu,

Sote twaijua ile bolti ya juu, mahali gia boksi inapoungana na injini, katika Land Rover au Peugeot 504 ya zamani. Jicho haliioni, na mkono hauifikii. Bolti za ekzosi ni mbaya zaidi: moto na kutu ya miaka mingi vimezishika kana kwamba zimechomelewa.

Kazi hii yataka subira. Bolti itiwe mafuta ya kulegeza kutu, iachwe hata usiku kucha, igongwe kidogo, kisha izungushwe kwa soketi ya pembe sita, mbele na nyuma, pole pole. Ukiharakisha, kichwa hukatika, na hapo kazi ya keekee huanza.

Basi twauliza: kwa nini fundi apewe spana iliyolika, ahimizwe amalize kabla ya saa sita, halafu bolti ikikatika alipishwe yeye? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa uharibifu ulioletwa na kosa la makusudi la mfanya kazi. Kutu si makusudi ya fundi.

Twataka mambo matatu: zana nzima, muda wa kutosha, na miwani ya kukinga macho.

Aliyekatwa asinung'unike peke yake. Na alete karatasi yake ya mshahara kwa mwakilishi wa chama.

UMOJA NI NGUVU.